Kasha la kadi 80 za Kihispania: masika moja mezani, msimu mmoja mlimani

Kasha hili nililinunua mwezi Machi, mvua za masika zilipoanza na wageni wa mlimani walipopungua, katika duka moja la vifaa vya shule hapa Moshi. Nililipa shilingi 38,000. Ni la bluu, lina picha ya penseli na rula kwenye kifuniko, na ndani mna kadi 80 za kujifunzia Kihispania pamoja na kijitabu cha kurasa 24. Mada ni moja tu: vitu vya darasani. Limeandikwa kuwa ni la watoto wa miaka saba hadi kumi. Mimi nina miaka 36, ni mama wa mtoto mmoja, na kazi yangu ni kuongoza watalii Mlima Kilimanjaro. Kasha nilijinunulia mwenyewe. Sasa nimelitumia miezi minne, na kwa kuwa wenzangu watatu wa kazini wameshaniuliza kama linafaa, naandika yote niliyoyaona.

Wengine watashangaa mtu wa mlimani ana shida gani na majina ya madawati. Wageni wanaozungumza Kihispania tunawapata, kutoka Hispania na kutoka Meksiko, Argentina, Kolombia, na kuna ambao Kiingereza chao ni cha kuombea maji, kama cha baadhi yetu. Zamani nilikariri sentensi za mlimani: kunywa maji, tembea polepole, kichwa kinauma? Nilizishika kama wimbo. Mgeni akijibu kitu kisichomo kwenye wimbo, nilikwama palepale. Mzee anayetufundisha jioni, ambaye Kihispania alikipata Cuba alikosoma ujanani, alinisikiliza siku moja kisha akaniambia, "Mwanangu, unaezeka kabla hujajenga ukuta. Anza na vitu vilivyomo humu ndani. Meza, kiti, mlango, daftari. Kiguse, kitaje, kitie kwenye sentensi." Wiki ile ile nikaliona kasha dukani.

Kadi ni ngumu, zimepakwa plastiki na pembe zake zimeviringwa. Zimenyeshewa mara moja na hazikuvimba. Kasha lenyewe ni laini, lilichanika kwenye bawaba wiki ya pili, nikalifunga na raba. Hayo yanatosha kuhusu umbo.

Kilicho muhimu ni mgawanyo wake. Kadi 52 ni za vitu, 12 ni za rangi, na 16 zina ukingo wa kijani. Hizi za kijani hazina picha, zina mwanzo wa sentensi tu: *Hay…*, *Tengo…*, *No tengo…*, *Necesito…*, *¿Dónde está…?*, *Este es…* na nyinginezo. Unaweka ya kijani kushoto, ya kitu kulia, ya rangi mwisho, na sentensi imelala mezani: *Tengo un lápiz rojo.* Nina penseli nyekundu. Unaondoa *Tengo*, unaweka *Necesito*, na sasa unahitaji penseli nyekundu. Unaondoa penseli, unaweka kiti. Kadi kumi na sita hizi ndizo zilizobeba kasha zima. Nimewahi kununua kadi za aina nyingine zenye neno na picha peke yake, na baada ya mwezi nilikuwa na majina arobaini ya vitu kichwani na siwezi kumwomba mtu hata kimoja.

Kadi ya kwanza niliyoichomoa ilikuwa na picha ya meza ya mbao, chini yake limeandikwa *la mesa*. Binti yangu, yuko darasa la tatu, alikuwa amesimama nyuma ya bega langu akiwa na kipande cha muhogo mkononi. Akasoma kwa sauti, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, hawa wamekosea, wameweka s." Nilifurahi kumweleza. Meza yetu tuliipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kukaa wakiacha maneno nyuma yao. Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja, wote watoto wa Kilatini. Ndiyo maana na bendera ya shuleni ni *bandera*, na hizi kadi tungeziita karata tungekuwa karibu kabisa na *cartas* zao. Tangu siku hiyo akawa anakaa nami kila jioni, akitafuta neno lingine ambalo ni letu pia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Nyuma ya kila kadi kuna maelezo, na maelezo yote ni kwa Kiingereza. Sisemi hivyo kwa sababu nashindwa kukisoma. Tatizo ni kwamba Kiingereza kinampitisha Mswahili njia ndefu kwenda mahali ambapo tayari tuko mlangoni.

Chukua sentensi mbili za kwanza kwenye kijitabu. *El libro es rojo. El libro está en la mesa.* Mwingereza ana neno moja kwa yote mawili, kwa hiyo kijitabu kinatumia ukurasa mzima na nusu kueleza tofauti ya *es* na *está*, mambo ya kudumu na mambo ya kupita, na mimi nilisoma ukurasa ule mara tatu nikazidi kuchanganyikiwa. Kisha nikatafsiri kwa Kiswahili: Kitabu *ni* chekundu. Kitabu *kiko* mezani. Basi! Hakuna Mswahili, hata mtoto wa miaka minne, anayesema kitabu ni mezani. Tofauti hiyo tumezaliwa nayo. *Es* ni "ni" yetu, *está* ni "-ko, -po, -mo" yetu, na tena wao wana moja pale ambapo sisi tuna tatu. Hata mlango: *La puerta es blanca*, mlango ni mweupe. *La puerta está abierta*, mlango uko wazi. Nilipoigundua hii nilisimama jikoni nikaanza kutaja kila kitu, sufuria iko wapi, ndoo iko wapi, binti yangu akinijibu *está aquí, está allí*, iko hapa, iko pale.

Nilipomweleza mwalimu, alitabasamu akaniambia njia hiyo itanifikisha mbali ila si kila mahali. Akanipa mfano: *La clase es en el aula dos.* Darasa, yaani kipindi, kinafanyika chumba cha pili. Hapo ni *es*, kwa sababu ni tukio linalofanyika, si kitu kilichowekwa mahali. Nikaandika pembeni mwa kadi kwa kalamu. Mfano huo mmoja haunipunguzii furaha.

Na *hay*? Ni "kuna". *Hay tres libros en la mesa*, kuna vitabu vitatu mezani. Haibadiliki kwa umoja wala wingi, kama "kuna" yetu isivyobadilika. *¿Qué hay en la mochila?* Kuna nini kwenye begi? Mchezo tunaoupenda hapa nyumbani umetokana na kadi hiyo. Binti anaweka vitu vitano ndani ya begi lake la shule, anafunga zipu, na mimi namuuliza kimoja kimoja: *¿Hay una regla?* Kuna rula? *Sí, hay una regla.* *¿Hay tijeras?* Kuna mkasi? *No, no hay tijeras.* Mkasi kwetu ni mmoja, kwao kwa kawaida ni wingi, *las tijeras*, kwa sababu una makali mawili. Akikosea namrudishia, nikikosea ananirudishia kwa ukali kunizidi.

Halafu kuna suala la *el* na *la*, ambalo limewakimbiza watu wengi darasani kwetu. Watu tisa tulianza, wawili waliacha wakisema hawawezi kukumbuka kwa nini meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume. Natamani ningewashika mkono. Sisi tunaosema kiti hiki, meza hii, dawati hili, ubao huu, mlango huu, madaftari haya, tunaogopaje lugha yenye vikapu viwili tu? Usiite kike na kiume, ita ngeli. Kuna ngeli ya *el* na ngeli ya *la*, na kila kinachofuata kinavaa sare. *El libro rojo, los libros rojos. La silla roja, las sillas rojas.* Kiti chekundu, viti vyekundu. Upatanisho wa kisarufi tuliochapwa fimbo kwa ajili yake shule ya msingi ndio huo huo. Hata rangi zinazogoma zinafanana na zetu kidogo: sisi twasema kiti cha bluu na kiti cha kijani bila kuibadilisha rangi yenyewe, na kwao *azul* na *verde* hazijali kama kitu ni cha *el* au cha *la*, ingawa wingi zinaufuata, *azules*, *verdes*.

Na hii ndiyo ilinitoa machozi kidogo, nasema kweli, maana nilidhani lugha hii iko mbali sana nami. Kadi za kijani za *este, ese, aquel*. Kiingereza kina mbili, hiki na kile, basi, na kijitabu kinahangaika na ya tatu. Sisi tunazo tatu. *Este libro*, kitabu hiki, kiko kwangu. *Ese libro*, kitabu hicho, kiko kwako unayenisikiliza. *Aquel libro*, kitabu kile, kiko mbali na sote wawili. Nilimpa binti daftari, nikabaki na langu, nikaweka jingine juu ya kabati, tukaelekezana vidole mpaka chakula kikapoa.

Kama mchapaji angetoa kijitabu kimoja cha kurasa kumi kwa Kiswahili, akaandika haya manne tu, "ni" na "-ko", "kuna", ngeli, na hiki-hicho-kile, kasha hili lingekuwa zawadi kwa kila mwongozaji kuanzia Moshi mpaka Arusha.

Kuhusu matamshi. Kwenye kifuniko kuna alama ya mraba ya kuskani kwa simu ili usikie sauti, na inakula bando, lakini rekodi ni safi. Sauti tano, a e i o u, ni zetu zilezile, hazipindi. Anayezungumza ni mtu wa Hispania, kwa hiyo *lápiz* anaimaliza kwa th kama ya thamani. Mwalimu wetu, wa Cuba, anaimaliza kwa s. Zote ni sahihi. Ñ ni ny yetu. J wanaitoa kooni kama kh ya wazee wa pwani wanaposema kheri, na h wanaiandika tu bila kuitamka. Kwa hiyo karatasi moja, *hoja*, huisomi kama hoja ya kwenye mjadala, unaisoma okha. Binti yangu alilipenda hilo neno kuliko yote.

Kitu ambacho kijitabu hakikieleza kabisa ni zile alama juu ya herufi, na ni kosa kubwa kuziacha. Mwalimu alitueleza kwa dakika tano. Neno likiishia kwa irabu, au n, au s, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili: *me-sa*, *cua-der-no*, *mo-chi-la*. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo unaenda mwisho: *papel*, *reloj*. Neno likikataa kanuni hiyo, linawekewa alama kukuonyesha mkazo ulipo: *lápiz*, *bolígrafo*. Tangu hapo nikiona neno jipya nalisoma bila kuuliza. Dakika tano hizo zingeingia kwenye ukurasa mmoja wa kijitabu, badala ya ule wa tangazo la makasha mengine.

Makosa sasa. Kadi ya ramani imeandikwa *la mapa*. Ni kosa. Ni *el mapa*, licha ya a yake ya mwisho, na hili ndilo neno ambalo mtu wa kazi yangu analitumia kila siku ya Mungu. Nilisema *la mapa* mwezi mzima mpaka mwalimu akanisahihisha, na bado ulimi wangu unateleza, kwa sababu kosa ulilojifunza kwanza ndilo linaloota mizizi. Kadi nyingine kumi na nne, nimezihesabu, hazina *el* wala *la* kabisa, neno limekaa uchi. Kwa mtoto wa Kihispania si kitu. Kwa mgeni wa lugha, neno bila ngeli yake ni nusu ya neno. Hizo zote nimeziandikia mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika. Mchapaji simtaji jina, maana nimeshawaandikia na huenda chapa ijayo wakarekebisha.

La pili ni heshima. Kasha zima linasema *tú*, yaani "wewe" ya kuambiana watu wa rika moja. *¿Tienes un lápiz? ¿Dónde está tu silla?* Una penseli? Kiti chako kiko wapi? Kwa watoto wa darasa moja ni sawa kabisa. Lakini mimi napandisha watu wa miaka sitini na sabini, na kwetu mtu mzima haambiwi mambo kavukavu kama rika lako. Wanayo *usted*, "wewe" ya heshima, na kitenzi kinabadilika nayo: *¿Tiene usted un lápiz? ¿Dónde está su silla?* Hakuna kadi hata moja yenye *usted*. Mwalimu anasema Hispania watu wengi hukimbilia *tú* haraka na hawaoni vibaya, lakini sehemu nyingi za Amerika ya Kusini *usted* bado ina uzito. Mimi naanza na *usted*, mgeni akitaka *tú* ataniambia mwenyewe.

Na la tatu, lililonikuta kambi ya Horombo, huko mlimani, mwishoni mwa Juni.

Wale wanaoijua njia ya Marangu wanaujua ukumbi wa kulia wa Horombo, mita 3,720: meza ndefu, mabenchi, madirisha madogo, watu wamejazana na makoti yao. Ni darasa tupu, linakosa ubao tu. Nilikuwa na kundi la watu wanne kutoka Meksiko. Nilikuwa nimejiandaa, na jioni ile kila kadi ilikuwa imesimama mbele yangu. *La mesa es larga. Hay cinco tazas. La ventana está cerrada.* Meza ni ndefu. Kuna vikombe vitano. Dirisha limefungwa. Nilikuwa nazungumza, nikieleweka, mpishi wetu akinitazama kwa macho ya kujivunia. Kisha mama mmoja, mtu mzima, mwalimu mstaafu, akanigeukia: *¿Tienes una pluma?* Una, *tienes*, hiyo naijua. *Pluma* sikuwahi kuiona. Akarudia taratibu. Nikatikisa kichwa. Akainua mkono akaandika hewani. *¡Un bolígrafo!* nikasema. *Eso*, akasema, *una pluma*, akanipokea kalamu na kuniandikia neno hilo kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

Niliporudi Moshi nilimuuliza mwalimu, naye akafungua mlango ambao kasha halikuugusa. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, mojawapo ni ya huku kwetu Afrika, Guinea ya Ikweta, na darasa la kila nchi lina majina yake. Kalamu ya wino ni *bolígrafo* Hispania, *pluma* Meksiko, *lapicera* Argentina, *esfero* Kolombia, *lapicero* Peru. Na *lapicero* hiyohiyo, ukienda nayo Hispania, wapo watakaokupa penseli. Waargentina pia wanasema *birome*, kwa jina la Bíró, Mhungaria aliyehamia kwao na kusajili huko hataza ya kalamu yake mwaka 1943. Kompyuta ni *ordenador* Hispania, *computadora* Meksiko. *Carpeta* ni faili la karatasi, ila Peru ni dawati la mwanafunzi. Sikutarajia kadi zote hizo kwenye kasha la shilingi 38,000. Lakini nyuma ya kadi ya *bolígrafo* pana nafasi nyeupe ya vidole vitatu. Maneno manne yangeenea.

Hata amri zake ni za Hispania tupu. Kadi inasema *Abrid los libros*, fungueni vitabu, na ni kweli ndivyo mwalimu wa Madrid angewaambia wanafunzi wake. Mmeksiko, na nchi zote za Amerika, angesema *Abran los libros*. Kwa anayesoma kwa ajili ya mtihani si tatizo kubwa. Kwa anayetaka kuwaambia watu wanne wanywe maji kabla ya kuanza kupanda kwenda Kibo, inabidi ajue ni *bebed* au *beban*. Kundi langu niliwaambia *bebed*. Wakanielewa, wakanywa, lakini nilimwona kijana mmoja amemtazama mwenzake.

Nimelaumu sana, basi nirudi kwenye lililo jema, kwa sababu lipo. Kasha lilinifundisha namna ya kutengeneza kadi zangu, na pengine hiyo ndiyo faida iliyobaki. Darasa la kwenye kasha ni la Ulaya: ubao mweupe, *rotulador* ya kuandikia juu yake, kompyuta, kila mtoto na kiti chake. Darasa la binti yangu lina ubao mweusi, dawati moja watoto watatu, ufagio nyuma ya mlango, ndoo ya maji yenye kifuniko, na nje kengele ambayo ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Kwenye kadi 52 za vitu hakuna chaki! Tukakata boksi la biskuti, tukapima kwa rula ukubwa uleule, yeye akachora na mimi nikaandika. *La tiza*, chaki. *La escoba*, ufagio. *El cubo*, ndoo. *La campana*, kengele, na amechora rimu na mwembe wake na mtoto wa zamu akiigonga kwa nondo. Mwalimu aliposhika kadi ya chaki akatuambia *tiza* limetoka kwa wenyeji wa Meksiko wa kale, kwenye lugha ya Kinahuatl, na leo Wameksiko wenyewe chaki wanaiita *gis*. Tumeandika yote mawili.

Kadi hizi za boksi, kumi na tisa sasa, zinaingia kwenye mchezo pamoja na zile 16 za kijani bila shida yoyote. *La escoba está detrás de la puerta.* Ufagio uko nyuma ya mlango. *Necesito agua, ¿dónde está el cubo?* Na za mlimani tumeanza: *la tienda*, ambayo kwao ni hema na ni duka vilevile, *la mochila*, ambayo ilikuwemo tangu mwanzo kama begi la shule, na sasa ndiyo neno ninalolisema mara nyingi kuliko yote nikiwa kazini. *¿Dónde está mi mochila?* mgeni anauliza kila asubuhi, na mimi najibu bila kufikiri: *Está en la mesa. Está aquí. Esa no, aquella.* Siyo hilo, lile.

Jambo dogo la saa. Kadi ya *el reloj* ina saa ya ukutani inayoonyesha saa tatu asubuhi yetu, na sentensi yake ni *Son las nueve*, yaani saa tisa kwa hesabu yao. Binti aliisoma *son las tres* na alikuwa na haki kabisa. Nimeandika kwa wino mwekundu: ongeza sita. Anayefundisha mtoto wa Kiswahili alikumbuke hilo mapema, kabla mtoto hajaambiwa amekosea.

Kwa hiyo, nani anunue? Mwongozaji, mpishi au mhudumu wa hoteli anayeanza, na ana mtu wa kukaa naye mezani, anunue. Peke yako utachoka, kwa sababu kadi za *¿Dónde está?* zinataka mtu wa kujibu. Mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi anunue pia, mradi awe tayari kusahihisha kwa kalamu. Aliyekwisha fika mbali, anayetaka vitenzi vya jana na kesho, asinunue, humo hamna. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na ningeipa nne na nusu kama maelezo yangekuwa ya Kiswahili. Bei naiona imezidi kidogo, 30,000 ingekuwa halali. Dukani jirani nimeiona kwa 35,000, kwa hiyo usione haya kuomba wakupunguzie.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akufungulie, uitafute kadi ya ramani, ni ya 31. Ikiwa imeandikwa *el mapa*, umepata chapa mpya. Ikiwa *la mapa*, pita na kalamu.